Tangi la faiba linatetemeka: upunguze spidi, uweke mabamba, ujenge fremu au uimarishe tangi?

Matangi mengi ya kuyeyushia shabu kwenye mitambo ya kusafisha maji ni ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa resini, na sababu inajulikana. Maji ya shabu ni asidi, pH yake huwa karibu na 3, na chuma cha kawaida hakikai nayo muda mrefu kabla ya kuoza. Faiba inaihimili asidi hiyo, ila kutikiswa ndiko kunakoimaliza. Faiba iliyotandazwa kwa mkono ina ugumu wa gigapaskali 7 hadi 10 hivi, wakati chuma kina 200. Maana yake, mfuniko wa faiba na mfuniko wa chuma wenye umbo na unene uleule, ukiibebesha mashine moja, wa faiba utanepa takribani mara 20 au zaidi. Mashine ya kukorogea, yaani mota inayozungusha shafti yenye mapanga chini, iliyotulia miaka yote juu ya tangi la chuma inaweza kuanza kuyumba siku ileile inapofungwa juu ya tangi la faiba, bila yenyewe kuwa na ubovu wowote.

Ukiwa na tangi la namna hiyo, ushauri haukosekani. Fundi umeme atakwambia upunguze spidi. Mhandisi wa mtambo atasema maji yanazunguka ovyo, weka mabamba ukutani. Mchomeleaji ataomba kazi ya fremu ya chuma, na fundi faiba atasema tangi ni jembamba, liongezwe matabaka. Wote wanne wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa tatizo analolijua. Kazi yako ni kujua ni tatizo la nani lililo kwenye tangi lako.

Vigezo vya kulinganishia

Nitazipima njia zote nne kwa maswali matano. Je, inagusa chanzo cha mtetemo, au inabadili tu kile kinachoubeba? Ukorogaji wenyewe utakuwaje baada yake? Ukuta wa tangi utapona au utaongezewa jeraha? Tangi litasimamishwa kazi kwa muda gani, na kwa gharama na ujuzi upi? Mwisho, inamfaa nani.

Swali la tatu ndilo ninalolipa uzito kuliko watu wengi wanavyolipa. Tangi la faiba la kemikali lina tabaka la ndani lenye resini nyingi, unene wake milimita chache tu, na kazi yake ni kuizuia asidi isifike kwenye nyuzi za kioo zinazobeba nguvu. Mtetemo ukipasua tabaka hilo, hata kwa ufa mwembamba kama unywele, kemikali huingia na kutembea kufuata nyuzi ndani ya ukuta. Kwa nje unaweza usione kitu kwa muda mrefu. Kwa hiyo weupe wowote unaotokea kuzunguka shingo ya mfuniko, pale shafti inapopita, au vijistari vya nyufa pale flanji (ukingo wa kufungia boliti) inapokutana na mfuniko, si suala la rangi. Ni dalili kwamba faiba inakunjwa kupita kiasi, na ukaguzi wa ndani haupaswi kusubiri.

Kabla ya kuchagua, msikilize mgonjwa

Vipimo vya mwanzo havihitaji mtambo wa gharama. Angalia mambo matatu.

La kwanza ni ujazo. Kama tangi limetulia likiwa limejaa na linaanza kutikisika maji yanaposhuka karibu na mapanga, mtetemo unazaliwa kwenye kimiminika. Mapanga yanayokata uso wa maji hupigwa upande mmoja wakati upande mwingine uko hewani, na shafti ndefu inayoning'inia bila kushikwa chini huyumba vibaya sana hapo.

La pili ni mdundo. Hesabu mipigo ukilinganisha na mizunguko ya shafti. Mpigo mmoja kwa kila mzunguko, usiobadilika kwa ujazo wowote, mara nyingi ni shafti iliyopinda au mapanga yasiyo na uzito sawa. Kwenye matangi ya chokaa hili ni la kawaida: magamba hushika panga moja zaidi ya mengine, au mtu aliyasafisha mapanga mawili akaishiwa muda. Zima umeme, funga swichi kwa kufuli, zungusha shafti kwa mkono na upime kwa kielekezo kilichosimama ncha ya chini inatoka nje ya mstari kiasi gani. Linganisha na kiwango cha mtengenezaji. Shafti iliyopinda haitibiwi na njia yoyote kati ya hizi nne. Inyooshwe au ibadilishwe kwanza, ndipo urudi kwenye makala hii.

La tatu ni spidi. Kama mtetemo ni mkali kwenye spidi fulani tu, na ukipandisha au kushusha kidogo unapungua, umegonga mdundo wa asili wa shafti au wa kile kilichoibeba. Kila kitu kinachoweza kunepa kina mdundo wake. Ukikisukuma kwa mdundo huohuo, hata kani ndogo hukuza mtikisiko. Wabunifu wa mashine hizi kwa kawaida huiweka spidi ya kazi chini ya asilimia 80 ya spidi hatari ya shafti, yaani ile inayolingana na mdundo wake wa asili, na wengine hushuka hadi 65. Lakini hesabu hiyo huchukulia kwamba shafti imefungwa mahali pagumu. Ukiifunga kwenye mfuniko unaonepa, spidi hatari inashuka, na nafasi uliyodhani unayo inaliwa.

Njia ya kwanza: kupunguza spidi

Hapa unafunga kidhibiti spidi cha mota, VFD kama mafundi umeme wanavyokiita, au kwa mashine inayoendeshwa kwa mkanda unabadili puli tu.

*Inagusa nini.* Inagusa chanzo moja kwa moja. Kani za kimiminika kwenye mapanga hubadilika kwa mraba wa spidi, kwa hiyo ukishuka hadi asilimia 80 ya spidi ya awali, kani zinabaki kama asilimia 64. Pia unaondoka kwenye mdundo wa asili kama ndiko ulikokuwa. VFD nyingi zina mpangilio wa kuruka spidi fulani, ili mashine ipite hapo haraka bila kukaa.

*Ukorogaji.* Hapa ndipo bei yake ilipo. Nguvu inayoingia kwenye maji hufuata kipeo cha tatu cha spidi, kwa hiyo asilimia 80 ya spidi inakupa asilimia 51 tu ya nguvu. Kwa shabu inayoyeyuka hilo huweza kumaanisha kusubiri zaidi, basi. Kwa chokaa ni habari nyingine kabisa, kwa sababu chokaa haiyeyuki yote, inatakiwa ielee. Kuna spidi ambayo chini yake inaanza kutua, na ikishatua inajenga kilima, mapanga yanazama ndani yake, na mtetemo unarudi ukiwa mbaya kuliko ulioukimbia.

*Ukuta wa tangi.* Hauguswi kabisa. Hutoboi, husagi, huingii ndani. Kwa tangi la asidi hiyo ni faida kubwa.

*Muda na gharama.* Ni ya haraka kuliko zote, na ukiona haifai unarudisha ulipotoka. Angalia mambo mawili: feni ya mota inapozunguka polepole hupoza kidogo, na giaboksi zinazotegemea mafuta kurushwa na gia zina spidi ya chini ambayo hazipaswi kushuka zaidi yake. Muulize mtengenezaji.

*Inamfaa* mwenye mchanganyiko mwepesi na muda wa ziada wa kukoroga, na yeyote anayetaka kujua chanzo kabla ya kutumia fedha nyingi. Hata kama haitakuwa jibu la mwisho, ni kipimo kizuri.

Njia ya pili: mabamba ya ukutani

Tangi la duara lisilo na kitu ukutani huzungusha maji yote kama kitu kimoja. Katikati panatokea shimo, shimo likifika kwenye mapanga linaingiza hewa, na mapanga yanaanza kupigwa maji na hewa kwa zamu. Mabamba wima huvunja mzunguko huo.

*Inagusa nini.* Chanzo, ila pale tu ambapo chanzo ni mzunguko wa maji. Mpangilio uliozoeleka ni mabamba manne kila robo ya duara, upana wake sehemu moja ya 12 ya kipenyo cha tangi, na upenyo mdogo kati ya bamba na ukuta, karibu sehemu moja ya 72 ya kipenyo. Kwa tangi la mita 2 hizo ni sentimita 17 za upana na upenyo wa sentimita 3 hivi. Usiuzibe upenyo huo kwa kudhani ni kasoro. Bila huo, chokaa hukaa nyuma ya bamba na kuganda.

*Ukorogaji.* Unaboreka kweli. Maji yanapanda na kushuka badala ya kuzunguka tu. Lakini mapanga sasa yana kazi ya kufanya ambayo hayakuwa nayo. Mota inaweza kudai nguvu zaidi ya awali, na kwa baadhi ya mapanga bapa yanayosukuma maji kwenda pembeni ongezeko ni mara kadhaa. Pima ampea kabla na baada. Mabamba hayafai pia kwa mchanganyiko mzito kama uji mgumu. Huko mnato wenyewe huzuia maji yasizunguke, na bamba litazidisha kona za kukwama uchafu.

*Ukuta wa tangi.* Hapa pana hatari. Mabamba hupokea msukumo wa maji na kuupeleka ukutani, na yanashikizwa ndani, juu ya lile tabaka la kinga. Vishikizo vikiwekwa kwa kutoboa, kila ncha iliyokatwa ikabaki bila resini, umefungua mlango wa asidi. Vishikizo sahihi ni vya faiba, vilivyofunikwa na matabaka mapya pande zote, kwa resini ileile inayostahimili kemikali iliyomo.

*Muda na gharama.* Tangi linamwagwa, linaoshwa, na mtu anaingia ndani. Kuingia tangini ni kazi ya kibali: hewa ipimwe, feni ipulize, mtu abaki nje muda wote. Mvuke wa stairini kutoka kwenye resini mbichi humlevya mtu haraka ndani ya nafasi finyu.

Kwa tangi dogo lisiloweza kuingiwa, kuna njia ya mkato inayoheshimika: mashine ndogo yenye panga la mabawa matatu kama la boti isifungwe katikati, bali isogezwe pembeni na kuinamishwa nyuzi 10 hadi 15 kutoka wima. Mzunguko unavunjika bila bamba lolote.

*Inamfaa* mwenye tangi linaloonyesha shimo la wazi katikati ya maji, mchanganyiko mwepesi, na mota yenye akiba ya nguvu.

Njia ya tatu: fremu ya chuma inayojitegemea

Miguu ya fremu inasimama kwenye zege, boriti zinapita juu ya tangi bila kuligusa, na mashine inafungwa kwenye boriti. Shafti inashuka kupitia shingo ya mfuniko, na nafasi iliyobaki inazibwa kwa raba laini.

*Inagusa nini.* Haigusi chanzo. Inakata njia. Chukua kani ya nyutoni 300 inayosukuma mapanga pembeni mwishoni mwa shafti ya mita 2: pale juu inakuwa momenti (nguvu ya kupinda) ya nyutoni-mita 600, inayogeuka upande kila mara. Mfuniko wa faiba haukujengwa kwa ajili hiyo. Boriti ya chuma inaweza. Na kwa kuwa shafti sasa imeshikwa mahali pagumu, spidi hatari inarudi karibu na ile aliyoihesabu mtengenezaji.

*Ukorogaji.* Haubadiliki. Kama ulikuwa mzuri utabaki mzuri, na kama maji yalikuwa yakizunguka ovyo yataendelea, ila tangi halitabeba mzigo wa mashine.

*Ukuta wa tangi.* Unapona kuliko njia nyingine yoyote, kwa sharti moja ambalo huvunjwa mara nyingi: fremu isiliguse tangi popote. Nimeona fremu nzuri, miguu minne yenye uchomeleaji safi, halafu ngazi ya kupandia imefungwa kwa boriti na kwa flanji ya tangi kwa pamoja, na bomba gumu la kuletea maji limekamata vyote viwili. Mtetemo ulipita humohumo. Mabomba yapewe viungo vya raba.

*Muda na gharama.* Chuma, zege, na nafasi ya miguu, ambayo kwenye vyumba vya kemikali vya zamani haipo kabisa. Mvuke wa asidi utakila chuma, kwa hiyo hesabu tabaka la zinki au rangi ya epoksi na marudio yake. Tena fremu nayo ina mdundo wake. Fremu ndefu yenye miguu myembamba isiyo na mikingamo ya mshazari itayumba, na utakuwa umehamisha tatizo kutoka faiba kwenda kwenye chuma.

*Inamfaa* mwenye mashine nzito au shafti ndefu, tangi ambalo tayari limeonyesha nyufa shingoni, na kiwanda kisichoweza kupunguza ukorogaji.

Njia ya nne: kuimarisha tangi lenyewe

*Inagusa nini.* Inaongeza ugumu wa kibebaji, na hesabu yake inavutia: ugumu wa bamba dhidi ya kukunjwa hufuata kipeo cha tatu cha unene, kwa hiyo unene ukizidishwa mara mbili ugumu unakuwa mara nane. Mbavu na vipembe (vipande vya pembetatu vya kuegemeza) vya faiba kuzunguka shingo husaidia zaidi ya kuongeza unene kila mahali, kwa uzito mdogo.

*Ukorogaji.* Haubadiliki.

*Ukuta wa tangi.* Kila kitu kinategemea mshikamano wa faiba mpya na ya zamani. Resini mbichi haiyeyushi ile iliyokwisha kukomaa. Inang'ang'ania tu uso uliosagwa. Kwa hiyo rangi na nta vitoke vyote, faiba ya zamani ionekane, vumbi lifutwe, uso uwe mkavu. Ukavu huo si jambo dogo pwani. Kanuni ya kazi ni kwamba uso uwe angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango cha joto ambacho umande huanza kutua. Dar es Salaam au Mombasa wakati wa masika, asubuhi, mara nyingi hautimizi hilo. Subiri, au pasha moto na kausha. Na kuongeza matabaka nje hakuponyi ufa wa ndani. Huo urekebishwe kutoka ndani.

*Muda na gharama.* Malighafi ni nafuu kuliko fremu, lakini fundi wa kazi hii si yule wa kutengeneza mashua pekee. Anatakiwa ajue resini ya kemikali, aangalie ukomavu kwa kifaa cha kupimia ugumu na kwa kufuta kwa asetoni: uso ukinata, haijaiva.

*Inamfaa* mwenye mashine ndogo au ya kati, tangi zima lisilo na nyufa, na chumba kisicho na nafasi ya fremu.

Vipi raba chini ya mashine?

Huulizwa kila mara, kwa kuwa ni rahisi. Kwa mashine ya polepole haisaidii. Mizunguko 90 kwa dakika ni mdundo wa 1.5 kwa sekunde, na ili raba au springi ianze kukata mdundo huo, inapaswa kudidimia kwa zaidi ya sentimita 20 chini ya uzito wa mashine. Hakuna atakayefunga shafti namna hiyo. Raba ya kawaida itaufanya ushikaji wa shafti kuwa laini zaidi tu, na shafti itayumba kwa upana mkubwa. Kwa mashine ndogo isiyo na giaboksi, inayozunguka karibu 1,450, raba inayodidimia milimita 4 hivi inaweza kupunguza mngurumo unaofika kwenye mfuniko.

Kulingana na hali yako

Mtetemo unatokea wakati wa kumalizia tangi tu? Usinunue chochote kati ya hivi vinne kwanza. Weka swichi ya kiwango inayozima mota maji yanapokaribia mapanga. Kama lazima ukoroge hadi mwisho, muulize mtengenezaji kuhusu mapezi madogo ya kutuliza yanayofungwa kwenye mapanga.

Mtetemo uko kwenye spidi moja tu na mchanganyiko ni mwepesi: anza na VFD au puli. Kama tangi ni la chokaa, tafuta mapanga makubwa zaidi yanayozunguka polepole, badala ya kushusha spidi ya mapanga yaliyopo.

Kuna shimo katikati na unaona mapovu: mabamba, baada ya kupima ampea. Tangi likiwa dogo, sogeza na inamisha mashine.

Shingo ya mfuniko imeshaonyesha nyufa: simamisha, kagua ndani, rekebisha, kisha usiirudishe mashine juu ya mfuniko uleule bila kubadili kinachoibeba. Kama nafasi ipo, fremu. Kama haipo, mbavu na vipembe, pamoja na kushusha spidi kwa kiasi ambacho mchanganyiko unaruhusu. Njia mbili pamoja ni kawaida. Mabamba na fremu hasa huenda vizuri kwenye matangi makubwa.

Na kama tangi halijanunuliwa bado, uko kwenye nafasi nzuri kuliko wote. Mpe mtengenezaji wa tangi karatasi ya mtengenezaji wa mashine yenye uzito, toku (nguvu ya kuzungusha), momenti ya kupinda na spidi ya kazi. Taja kiwango cha ujenzi, kama ASME RTP-1 cha Marekani au EN 13121 cha Ulaya, na uandike kwenye oda kwamba vishikizo vya mabamba vijengwe kiwandani, kabla tangi halijafungwa mfuniko.